Bibi Vuruga Hakuvuta Pumzi

Gazetini walimwita Chumvi. Si kwamba alitia chumvi kwenye habari. Alikuwa mwanamke wa kupima maneno kama mtu anayepima dawa. Walimwita hivyo kwa sababu kila ukurasa wake wa kuchambua vipindi vya televisheni ulipotoka, palikuwa na mtu mahali fulani mwenye kidonda, na ukurasa ule ukamwagikia juu yake. Waigizaji walimsalimia kwa tabasamu la meno tu. Yeye mwenyewe hakujiona mkali. Alisema kazi yake ni ya mtu anayeonja chakula kabla hakijapakuliwa: kikiwa kimeungua, na aseme kimeungua.

Kulikuwa na kipindi kimoja ambacho hakuwahi kukigusa kwa kalamu, nacho ni katuni ya Kwa Kina Vuruga. Ilikuwa imeonyeshwa kwa karibu miaka ishirini. Watoto walioanza kuitazama wakiwa wamekaa sakafuni sasa waliitazama wakiwa na watoto wao mapajani. Ilikuwa habari ya familia isiyotulia: Baba Vuruga, mbishi asiyekubali kwamba amepotea hata akiwa amesimama mbele ya kibao kinachomwambia, Mama Vuruga, mpole mpaka siku asiyokuwa mpole, mapacha wavunja vitu, na Bibi Vuruga, mwenye fimbo na ulimi, ambaye ndiye hasa watu walimsubiri. Bibi akifungua mdomo, sebule nzima hunyamaza.

Sauti ya Bibi ilikuwa ya mama yake Chumvi.

"Nikiisifu watasema nambeba mama," alimwambia Mhariri wake kila alipobanwa. "Nikiiponda, Jumapili nitakula kwa nani?"

Mama alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, nzito kidogo. Ya Bibi ilikuwa nyingine kabisa: nyembamba, ya puani, kama bawaba zilizokosa mafuta. Aliipata siku ya majaribio kwa kumwigiza jirani aliyekuwa akigombana na kuku. Sokoni watu wakimtambua walimwomba aseme lile neno la Bibi, "Ninyi hamna akili, mna bahati tu," naye alilisema huku akiendelea kuchagua nyanya, muuzaji akicheka mpaka akamwongezea mbili.

Chumvi alipokuwa msichana ndiye aliyemsaidia mama yake kufanya mazoezi. Walisimama jikoni, yeye akisoma maneno ya Baba Vuruga kwa sauti ya kukoroma, mama akijibu. Humo ndimo alimojifunza kusikiliza.

"Kabla ya neno la kuchekesha vuta pumzi," mama alimwambia, "na iache isikike. Mtu akisikia unavuta pumzi anajua kuna jambo linakuja. Anaandaa kicheko chake. Ukimrushia neno bila pumzi, ni kama kumrushia mtu mpira akiwa amekupa mgongo."

Mafundi wa sauti sehemu nyingi hukata pumzi za waigizaji ili maneno yatoke safi. Mama aliwakataza. Akawaambia wakitaka Bibi asipumue, wamtafute Bibi mwingine.

Kisha kifua kikamgeuka. Kwanza ngazi zilimshinda, halafu vitanda vikawa vya kutandikiwa, halafu akawa anazungumza nusu sentensi na kukuachia nusu uimalizie mwenyewe. Aliendelea kwenda studio mpaka wiki chache kabla ya kufa kwake. Alifariki katikati ya mwaka, asubuhi ya kawaida, maji ya chai yakiwa jikoni yanachemka.

Chumvi alifunga chumba alichokuwa amepanga akarudi kukaa na baba yake. Mzee alikuwa dereva mstaafu wa shirika la maji, mtu wa saa kamili na maneno machache, ambaye maisha yake yote alimwachia mkewe kazi ya kuongea kwa niaba ya wote wawili. Sasa nyumba ilikuwa kimya kama redio iliyoishiwa betri. Asubuhi aliosha gari ambalo halikwenda popote. Jioni alikaa mbele ya televisheni, sauti ikiwa imezimwa.

Wiki kadhaa baada ya msiba, Mkurugenzi wa studio alikuja kuwaona. Alikuwa mtu mnene, mwenye viatu vya kung'aa, na macho yake yalikuwa mekundu kweli, hakuwa akijilazimisha.

"Mzee wangu," alimwambia Baba, "mama yetu ametuachia zawadi. Sehemu yake ya kipindi cha sikukuu alisharekodi. Mtamsikia tena mwisho wa mwaka."

Baba alimshika mkono, na kwa muda mrefu akawa kama amesahau kuuachia.

Kila mwaka Kwa Kina Vuruga walikuwa na kipindi kirefu cha sikukuu, na nchi nzima ilikitazama. Siku zilipokaribia, Mhariri alimwita Chumvi ofisini, akafunga mlango.

"Safari hii hakuna upendeleo wa kuogopa," alisema. "Marehemu hapandishwi cheo. Wasomaji wanataka neno lako. Andika."

"Nitaandika kama binti au kama mchambuzi?"

"Wewe unaweza kuwatenganisha?"

Alifikiri kwamba ataandika kwaheri. Ataonyesha makosa mawili matatu ya kipindi, maana hakuna kipindi kisicho na makosa, kisha atatumia aya nzuri ya mwisho kumshukuru mwanamke fulani mwembamba. Hivyo ndivyo alivyokubali.

Jioni ile Baba alivaa shati lililopigwa pasi. Alivuta kiti chake karibu na televisheni na kuongeza sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Chumvi alikaa nyuma yake na kalamu.

Hadithi ilianza na safari. Baba Vuruga ameamua familia ikale sikukuu hoteli moja kando ya ziwa, mbali. Anapotea njia, anakataa kuuliza. Chumvi akaandika: *Mzaha wa kukataa kuuliza njia tuliupata katika vipindi viwili vya sikukuu vilivyopita. Gari lile lile, kona zile zile.* Gari likaharibika. Mapacha wakafungua buti wakamwaga mizigo yote barabarani. Akaandika: *Mapacha wamepewa kelele tu, hawakupewa la kufanya.* Kalamu ilikuwa inakwenda vizuri, mkono ulikuwa mwepesi.

Kisha Bibi akasema, kutoka kiti cha nyuma, "Huyu mtoto nilimzaa mchana, lakini akili nadhani ilikuja na gari la usiku."

Baba alicheka. Alicheka kwa mabega, kama zamani, akageuka kumtazama binti yake, machozi yakimlengalenga. "Umemsikia?"

Chumvi alikuwa amemsikia. Lakini mwili wake haukucheka, na alijiuliza kwa nini. Neno lilikuwa zuri. Sauti ilikuwa ile ile ya puani. Alisubiri Bibi aseme tena, na aliposema, akalitambua lililokosekana. Bibi hakuvuta pumzi. Maneno yalifuatana kama mabehewa, moja nyuma ya lingine, na kati yake hapakuwa na mtu. Neno "gari" lilipanda juu kidogo, kama swali; neno "usiku" lilitoka kwa mtu aliyekuwa amekasirika siku nyingine kabisa.

Aliacha kuandika. Alifumba macho ili picha zisimdanganye. Sentensi moja baada ya nyingine alisikia mishono, kama mtu anayepitisha kidole kwenye nguo iliyotiwa viraka.

Hadithi nayo ilianza kumtia mashaka. Ilikuwa ikiburutwa. Familia ya Kina Vuruga, ambayo kwa karibu miaka ishirini haikuwahi kukaa kimya, sasa ilikaa kimya ndani ya gari bovu, muziki wa kinanda ukaingia taratibu, na kila mtu akageuka kumtazama Bibi bila sababu yoyote. Bibi akainamisha kichwa.

"Nimechoka, wanangu," akasema. "Nirudisheni nyumbani."

Hapo pumzi ilikuwepo. Ilikuwepo kabla, ikakwaruza; ilikuwepo katikati, fupi; na baada ya neno la mwisho ilitoka yote, ikichelewa. Na haikuwa sauti ya Bibi. Ilikuwa ya chini, nzito kidogo. Ilikuwa ya mama yake mwenyewe.

Kwenye katuni Baba Vuruga alilia, akakubali kuuliza njia, gari likageuzwa, wakala sikukuu nyumbani kwao. Majirani walisikika kupitia dirishani wakipiga makofi. Baba hakupiga. Alikuwa ameshika mikono ya kiti.

"Hapo," alisema, "hapo aliigiza vizuri sana."

Kesho yake nchi nzima ilikuwa inaisema sentensi ile. Vijana waliiandika kwenye simu zao. Mtangazaji wa redio alilia hewani. Chumvi hakwenda gazetini. Alikwenda studio, kwa mlango wa nyuma, kumtafuta fundi wa sauti.

Fundi huyo alijulikana kwa jina la Waya, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Alikuwa amemrekodi Mama tangu kipindi cha kwanza kabisa. Chumba chake kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sponji, spika mbili zimemwelekea kama masikio. Alipomwona Chumvi alivua hedifoni, akasimama, halafu akakaa tena bila kusalimia.

"Nilijua utakuja," alisema. "Hata nchi nzima isingesikia, wewe ungesikia."

"Mama hakurekodi kipindi hiki."

"Hakurekodi, dada."

Alimweleza polepole, akitazama vidole vyake. Walikuwa na sauti ya Mama ya miaka yote hiyo, kila neno alilowahi kusema kwenye kibanda cha kurekodia. Mkurugenzi alisema Bibi hawezi kufa katikati ya mwaka bila kuagwa. Waya alichukua neno hapa, neno pale, akayashona. Pumzi hazikulingana, ya mwaka huu ilikuwa na ugonjwa, ya zamani ilikuwa nzima. Ikabidi azitoe zote.

"Na ile ya mwisho?"

Nje ya mlango watu walipita wakicheka.

"Ile ya mwisho hukuishona," alisema Chumvi. "Ile ni nzima."

"Ilikuwa siku yake ya mwisho hapa," alisema Waya. "Kipindi kile cha mashindano ya mapishi, unakikumbuka. Tulikuwa tumemaliza. Mkurugenzi akasema tumpate mara moja tena, kwa nguvu zaidi. Akarudia. Akasema mara moja tena. Akarudia. Mimi mashine sikuizima. Mama akavua hedifoni, akatutazama kupitia kioo, akasema yale maneno. Si Bibi. Alisema yeye."

"Mkampeleka nyumbani?"

Fundi alitikisa kichwa. "Tulimwambia, Mama, mara moja tu tena."

Chumvi alitazama kile kibanda nyuma ya kioo: kiti cha juu, maikrofoni, glasi tupu juu ya meza.

"Kwa hiyo waandishi walikisikia kipande hiki kwanza," alisema, "ndipo wakatunga safari na gari bovu, ili kifike hapo."

"Mkurugenzi aliwachezea kile kipande wakisikilize. Wote walilia. Dada, nikwambie ukweli, walilia kwa mapenzi. Hakuna aliyecheka. Mimi pia nilidhani tunamheshimu." Akamshika mkono. "Naomba jambo moja. Usinitaje. Nina watoto, na kazi nyingine siijui."

"Sitakutaja," alisema Chumvi, na alimaanisha.

Njiani alipanga na kupangua. Akimwambia Baba, atamnyang'anya kitu cha kwanza kilichomchekesha tangu msiba. Asipomwambia, ataishi naye nyumba moja akimwona anakirudia kipande kile, maana tayari alikuwa amemwomba kijana wa jirani akitie kwenye simu yake. Na akiandika? Mama yake alikuwa amepigania pumzi zake dhidi ya mafundi kwa karibu miaka ishirini. Sasa walizitoa zote, na ile moja waliyoiacha ilikuwa ile ambayo hakumpa mtu yeyote.

Akaandika.

Hakutukana. Mhariri alisema baadaye kwamba ni andiko tulivu kuliko yote aliyowahi kupokea kutoka kwake, na ndiyo maana lilimwogopesha. Alianza na yale ya kawaida: mizaha iliyorudiwa, mapacha walionyimwa kazi, muziki unaomshika mtazamaji shingo na kumwambia lia sasa. Akaeleza kwamba hadithi nzuri hutembea kwa miguu yake na hii ilibebwa mpaka mahali ilipotakiwa kufika. Kisha akaandika:

"Bibi Vuruga wa mwaka huu hakuvuta pumzi hata mara moja, ila sehemu moja. Pumzi ile si ya Bibi. Ni ya mwanamke mgonjwa aliyekuwa akiwaomba waajiri wake wamruhusu aende nyumbani, na hawakumruhusu. Mlimlilia. Mimi pia nilimlilia. Lakini mjue mlichokililia: hamkutazama mchezo. Kuna mtu alichoka mbele ya maikrofoni, na kuchoka kwake mkauziwa."

Mhariri alilisoma akiwa amesimama. "Una uhakika na hili?"

"Nina masikio."

"Masikio hayasimami mahakamani."

"Basi mpigie Mkurugenzi umuulize."

Alimpigia. Chumvi, akiwa upande wa pili wa meza, alisikia Mkurugenzi akikana, akifoka, kisha akinyamaza, na kimya chake kikawa kirefu kiasi kwamba Mhariri aliitazama simu akidhani imekatika. Andiko likachapwa.

Alikuwa amepanga kumwambia Baba mwenyewe, kabla gazeti halijafika. Alichelewa. Alipoamka alimkuta ameshakaa mezani na gazeti mbele yake. Jirani alikuwa amelipitisha chini ya mlango akidhani anatenda wema. Mzee alisoma kwa kidole, kama alivyosoma kila kitu. Kidole kilipofika mwisho wa aya ile, hakikuendelea.

"Baba, nilitaka nikwambie..."

"Nilikuwa na kitu kimoja," alisema Baba bila kumtazama. "Kimoja tu. Nilikuwa namsikia."

"Hakuwa yeye, Baba. Walimshona."

"Na pale mwisho? Pale pia walimshona?"

Chumvi alitazama kile kidole juu ya gazeti.

"Alikufa mara moja nikavumilia," alisema mzee. "Sasa umemuua tena, na safari hii gazetini." Akainuka, akaenda kuosha gari.

Wasomaji nao hawakumhurumia. Wachache walimshukuru. Wengi walisema amewaharibia sikukuu, kwamba ni mwanamke mwenye wivu, kwamba hata mama yake mzazi hakusalimika na kalamu yake. Mtu mmoja aliandika kwamba chumvi ikizidi si kiungo tena, ni sumu. Studio ilitangaza kwamba kipindi hakitarudiwa. Hapo hasira zikaongezeka, maana sasa hata walioukosa uhondo walikuwa na mtu wa kumlaumu.

Mkurugenzi alikuja nyumbani. Chumvi alidhani atapiga kelele, lakini alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Binti," alisema, "nilimpenda mama yako kabla wewe hujajua kuandika. Nilipoisikia ile sauti yake nilisema watu lazima waisikie. Tungefanyaje? Tumfute tu, kesho Bibi hayupo, kama hakuwahi kuwepo?"

"Mngesema amefariki."

"Ni katuni! Watoto wanatazama!"

"Watoto wanajua bibi hufa," alisema Chumvi. "Wasichojua ni kwamba mtu akisema amechoka, anaambiwa arudie."

Mkurugenzi alimgeukia Baba, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha. "Mzee wangu, wewe ulifurahi. Nilisikia ulifurahi."

Baba alisema, "Nilifurahi." Mkurugenzi aliondoka akiwa hajagusa chai, na Chumvi hakujua lile neno moja lilikuwa la kumtetea mgeni au la kumfukuza.

Kilichomuumiza zaidi kilikuja baada ya hapo. Waya alifukuzwa kazi. Chumvi alipata habari kutoka kwa mwigizaji wa mapacha, mama mtu mzima mwenye sauti ya mtoto, aliyemwambia kwenye simu kwa sauti hiyo hiyo ya kitoto, ikawa mbaya zaidi kuisikia. Alimkuta Waya kwake, uani, akiwa amefungua spika ya mtu na kumwaga vyuma vyake juu ya gunia.

"Sikukutaja," alisema Chumvi.

"Hukunitaja." Waya hakuacha kazi. "Lakini chumba kina ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa kwangu. Ungeandika tu kwamba hadithi ni mbovu, dada, ungekuwa umesema kweli na mimi ningekuwa na mshahara."

"Na Mama?"

"Mama alikuwa amekufa. Mimi niko hai." Alipuliza vumbi kwenye sumaku ya spika. Kisha sauti yake ikashuka. "Sisemi umekosea. Usiku nikilala namsikia akiomba, na najua mkono uliokuwa juu ya kitufe ni wangu. Lakini usinitake nikushukuru. Hilo sitaliweza."

Chumvi alimsaidia kutafuta kazi. Aliwapigia watu wa redio wawili watatu, na mmoja, aliyewahi kuchambuliwa naye bila huruma, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akakata simu. Mwingine alimpa Waya zamu za kushika nafasi za walio likizoni. Haikuwa kazi kama ile ya kwanza. Waya aliichukua.

Nyumbani, Baba na binti waliishi kama wapangaji wa nyumba moja. Walipeana chumvi na sukari, waliulizana kama mlango umefungwa, basi. Chumvi alifikiria kurudi kwenye chumba chake. Alifikia hata kufungasha vitabu. Siku hiyo, akiwa amebeba kasha la kwanza, alimkuta Baba amekaa ndani ya gari lililoegeshwa uani, upande wa dereva, mlango wazi, kitambaa cha kufutia kiko mapajani.

"Weka hilo chini," alisema Baba. "Kaa."

Alikaa upande wa abiria. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama ukuta ulio mbele kana kwamba ni barabara.

"Siku ile nilikuwa langoni," alisema. "Pale studio. Ndiyo siku yenyewe, ile ya mapishi. Aliniambia nije saa kumi. Nikaja saa kumi. Hakutoka. Nikangoja. Wewe unanijua mimi na kungoja." Alipangusa usukani kwa kitambaa. "Alipotoka jua lilikuwa linazama. Alikuwa anatembea ameshika ukuta. Badala ya kushuka nimshike, nilipiga honi."

Chumvi aliufunga taratibu mlango wa upande wake.

"Akaingia akasema, nimechoka, nirudishe nyumbani. Kwa sauti ile ile. Mimi nikamwambia, nimekaa hapa kama mlinzi, umechoka kuliko mimi? Hakunijibu. Njia nzima hakunijibu. Nilidhani amenuna." Mikono yake ilikaza usukani. "Kipindi kilipofika pale, niliijua sauti. Si kwamba sikujua. Nilijua kabla yako. Nilikuwa nasikiliza tena na tena ili nione kama alikuwa amenuna."

"Baba."

"Ulipoandika kwamba walimzuia, nikajua hakuninunia. Alikuwa hana pumzi ya kunijibu. Ndiyo maana nilikukasirikia. Ningeweza kuishi na kununiwa."

Kuku wa jirani walipita uani wakidonoa. Chumvi alitaka kumwambia kwamba Mama alimsamehe, lakini hakujua kama ni kweli, na maisha yake yote alikuwa amewalaumu watu kwa kuandika miisho wasiyoijua. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, uliokuwa bado juu ya usukani, na wakakaa hivyo.

"Yule fundi," Baba aliuliza baadaye, "ana kazi?"

"Ya kubahatisha."

"Mwambie spika ya redio yetu inakoroma. Aje. Na aje mchana, nitakuwepo."

Waya alikuja wiki iliyofuata. Wanaume wale wawili walikaa uani na redio katikati yao, na Chumvi aliwaacha. Kutoka jikoni hakusikia walichozungumza, ila mara moja alimsikia baba yake akiuliza swali refu kuliko alivyowahi kuuliza, na Waya akijibu taratibu. Waya alipoaga macho yake yalikuwa mekundu. Alimpungia Chumvi mkono kutoka langoni, ishara ndogo tu, akaenda zake.

Mwaka uliofuata Kina Vuruga walirudi na Bibi mwingine, msichana aliyetoka chuo, sauti kali, haraka haraka. Mhariri alimwomba Chumvi amchambue. Alitazama kipindi kimoja peke yake ofisini, akazima, akamwambia Mhariri ampe mtu mwingine kazi hiyo. Huyu binti anastahili kusikilizwa na mtu asiyemsikia mwingine nyuma yake. Vitabu vyake alivirudisha rafuni kwa baba yake, taratibu, kasha moja kila alipopata nafasi. Jioni Baba huwasha televisheni na kutazama taarifa ya habari, sauti ikiwa juu kidogo, na mtangazaji akikosea jina la mji, humsahihisha kwa hasira kana kwamba anasikilizwa.